Kwa nini ukipiga picha gofu kijijini unaulizwa "umetumwa na nani"? Na hili jengo la njia ya Msagali–Kongwa lilikuwa la nini?

#1 Mpiga Kivuli

Wakuu, salaam.

Nina ugonjwa wa kupiga picha majengo yaliyotelekezwa. Mwaka wa tatu huu, kila Jumamosi isiyo na msiba natoka Dodoma mjini na pikipiki, kamera begani, naingia vijijini. Maghala ya ushirika yaliyoezuliwa, majosho yaliyojaa mchanga, nyumba za reli zilizobaki vizingiti, tembe (ile nyumba ya paa la udongo) lililobaki ukuta mmoja na mbuzi kasimama juu yake. Sijawahi kuuza hata picha moja, kwa hiyo msije PM kuniomba mkopo.

Jumamosi iliyopita nilikuwa upande wa Kongwa, karibu na lilipopita tuta la ile reli ya zamani iliyotoka Msagali. Kijiji sikitaji. Kuna jengo pale nalitamani tangu mwaka jana. Nimefika saa moja na nusu asubuhi, jua bado la chini, nikasimamisha stendi. Sijafikisha picha ya sita naona watu wanne wanakuja mbio, wa tano juu ya baiskeli, nyuma yao mwenyekiti wa kitongoji, shati halijafungwa vifungo. Swali lao moja tu: "Umetumwa na nani?"

Nimekaa chini ya mti mpaka saa sita mchana. Kamera inapita mkono kwa mkono, wanatazama picha moja moja. Kitambulisho cha taifa nimetoa, cha kazini nimetoa, wapi. Kilichoniokoa ni bibi mmoja aliyeuliza kama hicho kidude kinapiga na watu au kinapiga kuta tu. Nikampiga, akacheka, wakacheka, nikaondoka.

Ajabu ni kwamba hatua mia mbili kutoka pale kuna mbuyu. Nimeupiga mara nne kwa siku tofauti. Watu wanapita, wananisalimia, wanaenda zao.

Naomba kueleweshwa. Mbuyu ruksa, gofu kesi, kwa nini? Na lile jengo lilikuwa la nini hasa?

Picha saba nimeweka. Kwa wenye bando la kuungaunga: urefu hatua 31, upana hatua 9. Kuta za mawe, unene ni mkono wangu kuanzia kiwiko hadi ncha ya vidole na zaidi kidogo. Dirisha hakuna hata moja, ila juu kabisa, chini ya lilipokuwa paa, kuna matundu membamba mstari mzima, mengine bado yana wavu. Sakafu imeinuliwa, ukisimama nje inakufika kifuani. Ndani, ukuta wa kulia una kulabu za chuma 22. Katikati ya sakafu kuna shimo la mstatili, linanifika kiunoni. Na pembeni ya mlango, kwenye lipu, mtu amekwangua vijistari: vinne vimesimama, wa tano unavikata kwa mshazari. Viko mamia, vimepandana hadi huwezi kuvihesabu.

#2 Zabibu Kavu

Nimewahi siti ya mbele. Ngoja wajuzi waje.

#3 kibajaji_dom

Swali la kwanza jepesi mkuu: rupia. Kila gofu la mawe nchi hii, watu wanaamini Mjerumani alifukia mali akikimbia vita. Sasa wewe unakuja alfajiri, peke yako, na kitu cha miguu mitatu, unakilenga ukutani, unarudi nyuma hatua tatu, unakilenga tena. Kwa macho ya kijiji hiyo siyo kamera, ni mashine ya kupimia. Mbuyu nani alifukia kitu? Shukuru walikuuliza ulitumwa na nani, wangeweza kukuuliza wapi pa kuchimba.

#4 Karanga Mbichi

@kibajaji_dom Mjerumani hana kesi hapo. Mjerumani alijenga Reli ya Kati, ilifika Dodoma mwaka 1910 na Kigoma 1914, na kufikia mwisho wa 1916 alishafurushwa ukanda huu wote. Kitawi cha Msagali kwenda Kongwa ni cha Mwingereza, baada ya vita ya pili, kwa ajili ya ule mpango wake wa kulima karanga kwa matrekta. Mpango ulianza 1947, 1951 ukafutwa. Reli ikaja kung'olewa.

Kwa hiyo mleta mada, ulichopiga ni ghala la karanga. Sakafu imeinuliwa ilingane na behewa, matundu juu ya kupitisha hewa, wavu wa kuzuia panya na ndege. Vijistari ni hesabu ya magunia. Tumemaliza, uzi ufungwe.

#5 Fundi Tofali

Usifunge uzi mkuu. Mimi ni fundi mwashi, mwaka wa ishirini na kitu. Wale wa karanga walikuwa na haraka, walikaa kwenye mahema na mabanda ya bati. Nani alikuwa na muda wa kuchonga mawe na kupandisha ukuta wa unene huo wa ghala la msimu? Ukuta wa mawe ni kazi ya mtu aliyekuja kukaa.

Mleta mada, kuna kitu kamera haionyeshi. Ulikwangua kiungo kati ya jiwe na jiwe? Kikitoka unga mweupe laini unaoshika kidole, ni chokaa, hiyo ni kazi ya zamani. Kikikataa ukucha na kina rangi ya kijivu, ni saruji. Kikiwa udongo mwekundu, basi ni mwananchi kajijengea. Tofali ungeshika mkononi ningekwambia mengi, mawe yanaficha.

#6 Binti wa Handali

Mbukwenyi.

Mpiga Kivuli, samahani kaka yangu, mimi sikupongezi. Nakueleza upande wa kijijini maana hapa naona wote mmejaa mjini.

Bibi yangu alikaa kwenye tembe mpaka 2014. Siyo kwamba hakuwa na mahali, baba alimjengea nyumba ya bati hapohapo uani akakataa, akasema mchana bati linamchemsha na usiku linampigia kelele mvua ikinyesha. Siku moja kijana akapita na kamera kama wewe, akapiga tembe, akapiga na mlango, akapiga kinu. Hakusema hodi. Miezi miwili baadaye binamu yangu wa Dar ananitumia picha kwenye simu: tembe la bibi, chini yake imeandikwa "makazi yaliyoachwa, Ugogoni". Yaliyoachwa! Kwenye picha moshi unatoka. Bibi alikuwa ndani anapika mlenda.

Kwa hiyo mtu akikimbia kukuuliza umetumwa na nani, usidhani ni mjinga wa rupia. Inawezekana ameshaandikwa kwamba hayupo.

#7 Zabibu Kavu

Dah. Hii ya moshi imenigusa. Na mlenda umenitamanisha.

#8 Mpiga Kivuli

@Binti wa Handali nimekubali kosa dada. Kweli sikubisha hodi. Nilibisha kwa nani, jengo halina mlango? Lakini nimekuelewa.

@Fundi Tofali nina picha ya karibu ya kona, nimeikuza sasa hivi. Hapa ndipo kichwa kinaniuma. Chini, mpaka usawa wa bega, katikati ya mawe ni peupe. Kuanzia hapo kwenda juu ni kijivu. Na mawe ya juu ni madogo madogo, ya chini makubwa.

#9 Fundi Tofali

Basi ni majengo mawili. Mtu alikuta kuta za zamani, akazipandisha. Ndiyo maana kila mmoja humu atakuwa sahihi kidogo.

#10 kibajaji_dom

Chokaa = Mjerumani = rupia. Nasubiri @Karanga Mbichi aniombe radhi.

#11 Karanga Mbichi

Chokaa siyo Mjerumani bwana mdogo. Waarabu wa misafara walijenga kwa chokaa, wamisionari walijenga kwa chokaa. Mpwapwa tu hapo jirani ilikuwa kituo cha misafara kabla Mjerumani hajajua Ugogo iko wapi. Radhi utaisubiri hadi karanga ziote Kongwa.

#12 Mtu wa Ramani

Nimefanya kazi za upimaji, naongezea jambo ambalo kibajaji kalikaribia kisha kaliruka. Stendi ya miguu mitatu vijijini haimaanishi rupia, inamaanisha mpima ardhi. Na mpima ardhi Dodoma ana historia. Mwaka 1973 ilipoamuliwa makao makuu yahamie hapa ikaundwa CDA, mamlaka ya kuustawisha mji, ikakaa na ardhi yake mpaka ilipovunjwa 2017. Watu wamekulia kwenye maneno ya kuhamishwa, fidia, viwanja. Halafu barabara, halafu reli mpya. Kwanza anakuja kijana mpole na stendi. Baada ya hapo anakuja mwingine na kopo la rangi nyekundu, anachora X ukutani.

Mwenyewe nimewahi kufukuzwa na akina mama wenye michi, na kazi yenyewe ilikuwa kupima kiwanja cha zahanati waliyoiomba wao.

Mbuyu hauchorwi X, ndiyo maana hawana shida nao.

#13 Zabibu Kavu

Mbuyu unachorwa pia mkuu, barabara ikipita haichagui. Halafu kwa watoto wa juzi: SGR zamani Dodoma ilikuwa maghala ya akiba ya chakula ya taifa, siyo treni ya umeme. Mtu akisema anafanya kazi SGR unajua nyumbani kwake mahindi hayakatiki.

#14 Mzee wa Gulwe

Vijana, shikamoo zenu nimezipokea ingawa hamjatoa.

Nimefanya kazi reli miaka mingi, nikaanzia Gulwe, kule ambako kila masika tunapigana na maji yanayobeba tuta. Naomba niseme juu ya shimo, maana mmeliruka wote. Ghala la mizigo la zamani lilikuwa na mzani uliozamishwa sakafuni. Gunia linaburutwa, linapita juu ya bamba la chuma, karani anasoma, linakwenda kwenye behewa. Halibebwi, linaburutwa. Mzani ukiondolewa linabaki shimo la mstatili, safi, lenye kingo zilizopigwa lipu. Hilo ndilo shimo lako. Na huyo karani ndiye aliyekwangua ukuta. Karatasi zilikuwa zinapotea, ukuta haupotei.

Picha yako ya nne, kushoto chini, angalia kama kuna alama ya chuma kilichokatwa usawa wa sakafu.

#15 Mpiga Kivuli

Shikamoo mzee. Kuna kutu, ndiyo, kama ncha mbili. Lakini shimo linanifika kiunoni. Mzani unazama kiasi hicho?

#16 Mzee wa Gulwe

Marahaba. Wewe ni mrefu au mfupi?

#17 Zabibu Kavu

Hahahaha uzi umefika patamu.

#18 Mpiga Kivuli

Mfupi, mzee.

#19 Mzee wa Gulwe

Basi.

#20 Afande Mstaafu

Naona mnazunguka karanga tu, mmesahau Kongwa ya baada ya karanga. Kuanzia 1964 Kongwa ilikuwa na kambi za wapigania uhuru. FRELIMO ya Msumbiji, SWAPO ya Namibia, ANC ya Afrika Kusini, na wengine. Majengo yaliyoachwa na Mwingereza yalitumika, hakuna aliyejenga upya kama alikuta kuta. Kulabu 22 ni za kutundikia vyandarua, au mikanda na mabegi. Kambi yoyote ya jeshi ina kulabu mstari mmoja. Na vijistari kwenye ukuta ni mtu anahesabu siku za kurudi kwao. Wengine walihesabu zikapita ishirini na tano. Miaka, siyo siku.

Na hilo linajibu swali lako la kwanza. Vijiji vile vilifundishwa kwamba mgeni na kamera ni adui, kwa sababu wakati ule angeweza kuwa adui kweli. Waliokuwa watoto wakati huo ndio wazee wa leo. Hayo mafunzo hayana mwisho wa matumizi.

#21 Karanga Mbichi

Afande heshima yako, lakini chandarua kinatundikwa pande zote mbili. Kulabu ziko ukuta mmoja tu. Walilala nusu?

#22 Afande Mstaafu

Ukuta wa pili zimeng'olewa na watu wa vyuma chakavu. Wewe hukuona nchi hii miaka ya vyuma chakavu? Hata vifuniko vya mashimo ya mjini vilikwenda.

#23 Mrangi wa Kolo

Ngozi. Kulabu ni za ngozi jamani. Kwetu Kondoa lilikuwepo banda la kununulia ngozi, kulabu vilevile, ukuta mmoja, upande ambao jua la mchana haliufikii. Mpaka leo ukiingia siku ya mvua harufu inakusalimia kabla hujavuka kizingiti. Mleta mada, lilikuwa na harufu?

Na majosho makavu nayo yana sababu zake. Josho la kwetu liliachwa baada ya mifugo kuondolewa mwaka 1979, mradi wa HADO (Hifadhi Ardhi Dodoma) ulipofunga maeneo yaliyoliwa na makorongo. Ng'ombe wakaondoka, josho likabaki linakusanya majani. Sasa kuna wapiga picha wanakuja, wanauliza kama lilikuwa handaki la vita. Mmoja nilimjibu ndiyo. Vita ya kupe.

#24 Mpiga Kivuli

Harufu ya popo tu mkuu.

#25 tembe_na_minyaa

Nimechelewa. Naomba nirekebishe neno, mleta mada usinichukie. Wewe unaita yote magofu. Gofu lina kuta. Pale watu walipohama, kuta zikarudi kuwa udongo, panaitwa hame. Ugogoni mahame ni mengi kuliko magofu, ila kamera yako inayapita kwa sababu hayana cha kuonyesha.

Jinsi ya kulijua: tafuta minyaa iliyopanda mstari wa mraba katikati ya pori. Mnyaa haujipangi wenyewe, ule ni ua wa mtu. Ndani ya mraba tafuta mahali majani yanaota mabichi kuliko kwingine, pale lilikuwa zizi. Halafu chungu cha majivu, na karibu yake jiwe la kusagia lililopinduliwa uso chini. Babu yangu aliligeuza hivyo mwenyewe siku walipohamishwa, Operesheni Vijiji ile ya 1967. Aliambiwa avue na paa, ili asirudi. Udongo wa paa la tembe aliukusanya kwa jembe, akaurundika, akasema akirudi hatahangaika kutafuta mwingine. Ile rundo ipo. Mmeota mti juu yake.

Ukinipigia hiyo picha mimi nitanunua.

#26 Karanga Mbichi

Pole mkuu, simulizi nzito. Mwaka tu: 1967 ni Azimio la Arusha. Dodoma ilianza mapema kuliko mikoa mingi, Operesheni Dodoma ilikuwa 1970 na 1971, Mwalimu mwenyewe akaja kufyatua matofali na wananchi Chamwino. Kuhamia vijijini kukawa amri kwa nchi nzima Novemba 1973. Babu yako yumkini ni wa ile ya kwanza.

#27 tembe_na_minyaa

Asante. Nyumbani tunasema "mwaka wa matofali", hizo namba ni za kwenu wa vitabu.

#28 Mama Ntilie wa Majengo

Mmesema yote, hamjasema gongo. Jengo bovu nje kidogo ya kijiji, asubuhi na mapema, wanaume watano wanakuja mbio wa sita shati halijafungwa. Kaka, ulitaka kupiga picha mtambo.

#29 kibajaji_dom

😂😂😂 Mama kamaliza.

#30 Mpiga Kivuli

Kusema kweli nyuma ya jengo kulikuwa na mapipa mawili. Nilidhani ya maji.

#31 Lenzi Pana

Niingie kwenye ufundi kidogo, historia mmeshaivuruga vya kutosha. Mkuu picha yako ya tatu, ile ya ndani, mlango umeungua wote mweupe na kulabu hazionekani. Kiangazi cha Dodoma mwanga wa nje ni mkali mno kuliko wa ndani, kamera haiwezi kubeba vyote. Weka stendi, piga tatu bila kuisogeza: moja ya giza, moja ya kati, moja ya mwanga, kisha ziunganishe nyumbani. Au subiri saa kumi na moja jioni, vumbi la ng'ombe wanaorudi linalainisha mwanga bure, hakuna kichujio cha dukani kinachofikia vumbi lile.

Na kama unataka miale ionekane inavyopita kwenye yale matundu ya juu, rusha unga kidogo hewani.

#32 Binti wa Handali

Unga? Dodoma hii? Ukirusha unga hewani Ugogoni hawatakuuliza umetumwa na nani, watakuuliza una ukoo gani.

#33 Lenzi Pana

Basi majivu jamani 😅

#34 Nesi wa Zamu

Kwa mnaoingia kwenye matembe ya zamani: papasi. Siyo kupe wa ng'ombe mnayemjua. Huyu anakaa kwenye nyufa za sakafu na ukuta wa udongo, anatoka usiku, anauma dakika chache na kurudi, asubuhi hujui kama uliumwa. Anakaa miaka bila kula akikusubiri. Homa yake inapanda, inashuka unajiona umepona, baada ya siku kadhaa inarudi tena. Zamani kanda hii tulikuwa na wagonjwa wengi wa homa ya papasi, nyumba za bati na sakafu ya saruji zikapunguza. Usilale humo kusubiri mwanga wa alfajiri, na usikalie begi lako sakafuni. Ukipata homa ya kuja na kuondoka, mwambie daktari ulilala wapi, maana akipima malaria tu akikosa mtasumbuana.

Na swila wanapenda mawe yenye ubaridi. Piga miguu chini kabla ya kuingia.

#35 Mpiga Kivuli

@Nesi wa Zamu mwaka jana nililala kwenye tembe moja upande wa Manyoni. Wiki mbili nilitibiwa malaria isiyoonekana. Sasa naanza kuelewa.

#36 Wakili Njaa

Kisheria kidogo. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja, bila tangazo, majengo ya kabla ya mwaka 1863. Ya baada ya hapo, yakiwemo maboma yote ya Mjerumani, mpaka Waziri ayatangaze. Kwa hiyo gofu lako, kama ni la karanga, kwa sheria hii ni mawe tu hadi litangazwe. Kichekesho ni kwamba mlango wa mbao wa kuchongwa wa kabla ya 1940 unalindwa, nyumba iliyoushika inaweza isilindwe.

Kupiga picha siyo kosa. Lakini ardhi ya kijiji iko chini ya halmashauri ya kijiji, na hakuna jengo kijijini lisilo na mwenyewe. Ghala la ushirika lina chama, hata kama chama kilivunjwa, mwaka 1976 vyama vikuu vilivunjwa vikaja kurudishwa miaka ya themanini, na mpaka leo kuna watu wanagombea nani alirithi bati gani. Anza ofisi ya mtendaji, saini kitabu cha wageni. Droni usithubutu bila kibali cha TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga. Na stesheni za reli zinazofanya kazi ziache kabisa.

#37 Zabibu Kavu

Kitabu cha wageni kina safu ya "madhumuni". Ataandika nini, kutazama ukuta?

#38 Mzee wa Gulwe

Aandike "kusalimia".

#39 kibajaji_dom

Wakili lakini hujasema kuhusu rupia. Mtu akizikuta?

#40 Wakili Njaa

Hujazikuta.

#41 Karanga Mbichi

Nirudi kwenye karanga, kuna mtu kaniuliza PM kwa nini zilishindwa. Wengine wanasema mvua, wengine udongo, maana ule mwekundu wa Kongwa kiangazi unakauka kama sakafu na karanga iko chini, uing'oe vipi? Wengine wanasema mitambo: walileta matrekta ya mabaki ya vita, mengine yalitengenezwa kwa vifaru, mizizi ikayavunja. Mimi nasema walipiga hesabu ya ekari milioni tatu na zaidi kabla ya kumuuliza Mgogo mvua inanyesha mwezi gani. Pauni milioni 36 zikaenda. Ukienda Kongwa leo sehemu ya ardhi ile ni ranchi ya ng'ombe. Mgogo angewaambia tangu mwanzo kwamba pale ni pa ng'ombe.

#42 Mrangi wa Kolo

Mgogo angewaambia kila mahali ni pa ng'ombe.

#43 Binti wa Handali

Na ni kweli.

#44 Mpiga Kivuli

Wakuu, mrejesho. Nilichukua namba ya mwenyekiti siku ile, jana nimempigia. Nimemwambia mimi yule wa kamera, akacheka sana. Nimemuuliza jengo lilikuwa la nini. Akasema ghala. Akampa simu mzee mmoja aliyekuwa naye, mzee akasema siyo ghala, ni shule, yeye alianza darasa la kwanza mle, na sakafu ya juu ilikuwa kwa ajili ya kuzuia nyoka. Nyuma nasikia mama anabisha, anasema shule ilikuwa ng'ambo ya korongo, hapa palikuwa pa kupokelea mahindi ya msaada mwaka wa njaa, na vijistari ni debe kwa debe, kila kaya na mstari wake. Mwenyekiti akarudi hewani, akasema "unaona sasa, ndiyo maana tulikuuliza, tulidhani wewe unajua".

Nimemuuliza na mapipa. Simu ikakatika.

Jumamosi narudi. Nimesafisha picha ya yule bibi, nimeichapisha kubwa, nitampelekea kwanza kabla ya kugusa jengo. @Mzee wa Gulwe nitapima shimo kwa futi, siyo kwa kiuno. Nimeangalia tena picha ya nne: kingo tatu zina lipu. Ya nne imevunjwavunjwa, na udongo wake ni mpya.

#45 kibajaji_dom

Udongo mpya. UDONGO MPYA wakuu. Mimi nipo, natoka na wewe Jumamosi, mafuta yangu.

#46 Mama Ntilie wa Majengo

Mkirudi pitieni na kwangu mniletee lita moja.

#47 Zabibu Kavu

Picha ya bibi iko wapi?